Mkono Ulionyimwa Riga

Tarehe 8 Februari 2024, mjini Riga, Latvia, wachezaji wa timu ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Ireland walisikiliza wimbo wao wa taifa wakiwa wamejipanga mbele ya benchi lao. Katikati ya uwanja, mahali ambapo timu husimama siku zote, hawakwenda. Hawakubadilishana zawadi na wapinzani wao, Israel, wala hawakupeana nao mikono kabla ya mpira kurushwa juu. Mechi ilipokwisha, Israel ikiwa imeshinda 87 kwa 57, mikono haikutolewa pia.

Mechi yenyewe haikuwa na utata wowote. Ireland walizidiwa kila idara, basi. Kilichobaki mpaka leo ni ile mikono, na neno lililotangulia kabla ya mikono hiyo kunyimwa: kwamba wanawake hawa wa Ireland wana chuki dhidi ya Wayahudi. Tuhuma hiyo ni nzito, na inastahili kupimwa badala ya kurushwa tu.

Kwanza tuweke mambo kwa mpangilio wake, kwa sababu kisa hiki husimuliwa kinyumenyume. Wengi husema Ireland walikataa kuwapa Waisraeli mikono kwa sababu ya Gaza, ndipo wakaitwa wabaguzi. Haikwenda hivyo. Mechi ilikuwa ya kufuzu EuroBasket ya wanawake ya 2025, yaani ubingwa wa Ulaya wa mpira wa kikapu. Ilipangwa kuchezwa Novemba 2023, ikaahirishwa kwa sababu ya vita vilivyoanza Oktoba mwaka huo, kisha ikapelekwa kwenye uwanja wa nchi ya tatu. Nchini Ireland kelele za kutaka isusiwe zilikuwa kubwa, na baadhi ya wachezaji walisema wao hawatakuwepo. Shirikisho likapiga hesabu: kutokwenda kungeleta faini ya hadi yuro 80,000, ambayo ingeweza kufika 180,000 kama na mechi ya marudiano ingesusiwa, pamoja na kukaa nje ya mashindano kwa takriban miaka 5. Kwa mchezo usio na fedha nyingi, hiyo ni sawa na kufunga duka. Wakaamua kwenda.

Siku chache kabla ya mechi, mchezaji wa Israel Dor Saar alihojiwa kwenye chombo cha shirikisho la nchi yake. Akasema kwamba inajulikana kuwa wapinzani wao wana chuki dhidi ya Wayahudi, kwamba hilo si siri, na kwamba Israel inapaswa kuwaonyesha kuwa ni bora kuliko wao. Hapo ndipo shirikisho la Ireland lilipoiandikia FIBA Ulaya, chombo kinachosimamia mpira wa kikapu barani humo, likieleza kuwa, kutokana na kauli hizo za wachezaji na benchi la ufundi la Israel, ambazo liliziita za uchochezi na zisizo na ukweli, wachezaji wake hawatashiriki zile taratibu za heshima. Mikono, zawadi, kusimama katikati: vyote vikafutwa.

Kwa hiyo, rasmi kabisa, mkono ulinyimwa kwa ajili ya tuhuma ya ubaguzi. Tuhuma ilikuja kwanza, mgomo ukafuata. Bila shaka Gaza ilikuwa nyuma ya yote, hakuna mtu mzima atakayekana hilo. Lakini mpangilio una uzito wake, maana ukiugeuza unaweza kulitumia tendo la pili kama ushahidi wa maneno yaliyosemwa kabla halijatokea.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, na hapa Kiswahili kinatutegea mtego. Tukisema “ubaguzi wa rangi”, sikio linasikia rangi: mweusi na mweupe. Ziweke picha za timu zile mbili mezani, futa nembo kwenye jezi, uone kama mtu asiyewajua ataweza kukuambia nani ni wa wapi. Wapo waliofunga mjadala hapohapo: ngozi zinafanana, ubaguzi uko wapi? Hoja hiyo haina miguu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1965 wa kutokomeza aina zote za ubaguzi wa rangi unaitaja rangi katika ibara yake ya kwanza, ila unataja pia nasaba na asili ya kitaifa au ya kikabila. Wayahudi wa Ulaya waliouawa na Wanazi hawakuokolewa na weupe wa ngozi zao. Na sisi tulio na neno “ukabila” katika mazungumzo ya kila siku hatuhitaji mwalimu wa kutuambia kwamba watu wa ngozi moja wanaweza kubaguana hadi kufa.

Swali gumu ni lile la “asili ya kitaifa”. Je, mtu akinikataa kwa sababu ya pasipoti yangu, amenibagua kwa asili yangu? Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliwahi kuulizwa jambo linalokaribia hilo, katika shauri ambalo Qatar iliufungulia Umoja wa Falme za Kiarabu baada ya raia wa Qatar kuamriwa kuondoka huko mwaka 2017. Tarehe 4 Februari 2021 majaji, kwa kura 11 dhidi ya 6, walisema uraia wa sasa haumo ndani ya maneno “asili ya kitaifa” ya mkataba ule. Mantiki yao ilikuwa kwamba asili mtu huzaliwa nayo, ilhali uraia ni hadhi ya kisheria inayoweza kubadilika akiwa hai. Kura 6 za upinzani si chache, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo nayo ilikuwa na mtazamo mpana zaidi. Hata hivyo mstari umechorwa: kumtendea mtu tofauti kwa uraia wake kunaweza kuwa uonevu mkubwa bila kuwa ubaguzi wa rangi kwa maana ya mkataba. Kanuni za michezo huenda mbali zaidi. Za FIFA, kwa mfano, zinakataza kumdhalilisha mtu hata kwa maoni yake ya kisiasa. Lakini hapo tumeshahamia kwenye ubaguzi kwa jumla, na tuhuma ya Riga ilikuwa mahususi.

Mimi hupenda kuanza na kipimo cha jezi. Mwambie mpinzani avue jezi ya taifa. Je, bado utamnyima mkono?

Mchukue Bibras Natcho, kiungo aliyewahi kuwa nahodha wa timu ya taifa ya soka ya Israel. Natcho ni Mcherkesi, wa jamii yenye asili ya milima ya Kaukazi, na ni Mwislamu. Anayeigomea Israel kama dola atamnyima mkono Natcho sawasawa na atakavyowanyima wenzake Wayahudi, kwa sababu anachokikataa ni nembo iliyo kifuani. Lakini akitokea mchezaji anayepita kwenye mstari, akampa mkono Natcho, akamruka Myahudi aliyesimama pembeni yake mwenye jezi ileile, basi siasa imeishia hapo. Amechagua damu. Hahitaji kusema neno, mkono umeshasema.

Historia ya michezo ina mfano mkubwa wa kipimo hiki, na unatuhusu. Tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia, huku John Walker wa New Zealand akimfuata kwa 3:32.52, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani. Dunia nzima ikasubiri wakutane tena Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu mwaka uleule wa mauaji ya Soweto, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa kuiondoa New Zealand, na nchi zaidi ya 20 za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia. Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.17, mbio za mwendo wa kuviziana ambazo Bayi, kwa tabia yake ya kuongoza tangu mlio wa bastola, asingeziruhusu ziwe hivyo.

Walker hakuwa mchezaji wa raga, na hakwenda Johannesburg. Alibeba mzigo wa ziara ambayo hakuipanga. Unaweza kusema alionewa, na Bayi akaonewa zaidi. Lakini sijapata kukutana na mtu mwenye akili zake anayesema Afrika iliwabagua Wanyuzilandi kwa rangi. Waliokuwa wakilengwa walijulikana, sababu ilitajwa, na ziara ingefutwa, mgomo ungekwisha siku hiyohiyo.

Kipimo cha jezi ni kizuri, ila kinavunjika Milan.

Tarehe 27 Julai 2023, kwenye mashindano ya dunia ya mchezo wa vitara, Olga Kharlan wa Ukraine alimshinda Anna Smirnova kwa 15 kwa 7. Smirnova ni Mrusi, lakini alikuwa akicheza kama mshiriki asiye na bendera, hakuwa na nembo ya Urusi popote. Pambano lilipokwisha alisogea na kunyoosha mkono. Kharlan akanyoosha kitara chake badala ya mkono, kama anayesema: salamu yangu inaishia kwenye ncha hii. Kisha akaondoka. Smirnova akabaki amesimama pale jukwaani kwa zaidi ya dakika 40 akipinga, mpaka wakamletea kiti. Kanuni za mchezo huo ziliandika waziwazi kwamba kupeana mikono ni lazima, kwa hiyo Kharlan akapewa kadi nyeusi na kuondolewa. Kesho yake Thomas Bach, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wa wakati huo na mwenyewe bingwa wa zamani wa mchezo huohuo, akamwandikia kumhakikishia nafasi ya kwenda Paris hata kama hatafuzu. Shirikisho la mchezo likalegeza kanuni, salamu ya mbali ikaruhusiwa. Paris Kharlan akapata shaba, kisha dhahabu ya timu.

Jezi ya kuvua ilikuwa wapi? Hapakuwa na jezi. Kilichobaki ni Urusi iliyo ndani ya mtu: alikozaliwa, lugha yake, jina lake. Kwa kipimo changu cha kwanza Kharlan angekuwa na kesi ya kujibu. Na bado dunia ya michezo, kuanzia Bach kushuka, ilimwona kama mtu ambaye nchi yake inapigwa mabomu, ikamwachia. (Ndiyo, najua kuna wanaouliza Bach angeandika barua ngapi kama anayenyima mkono angekuwa Mpalestina. Swali hilo ni la haki, lakini linahusu upendeleo wa viongozi, tendo la mchezaji lina hukumu yake.)

Hivyo nikaongeza kipimo cha pili, na siku hizi nakiamini kuliko cha kwanza: je, kuna mlango? Anayenyimwa mkono, kuna kitu anachoweza kukifanya au kukisema, yeye au dola yake, ili mkono urudi? Mgomo wa kisiasa huwa na mlango, hata kama ni mwembamba. Ubaguzi hauna. Hakuna tendo litakalomtoa mtu kwenye kosa la kuzaliwa.

Kwa wachezaji wa Ukraine mlango ulionekana kwa macho, tarehe 4 Juni 2023 kwenye viwanja vya Roland Garros. Elina Svitolina alimshinda Daria Kasatkina, Mrusi ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameilaani vita hadharani. Mikono hawakupeana. Lakini Kasatkina aliinua dole gumba, Svitolina akamjibu kwa dole gumba, na baadaye akamsifu kwa ujasiri wa kusema wazi ambacho wengi hawathubutu. Ni ishara ndogo ya sekunde mbili. Inatosha kuonyesha kwamba kilichokuwa kikipimwa ni msimamo wa mtu. Urusi iliyokuwa ndani ya Kasatkina ilikuwa ileile iliyokuwa ndani ya Smirnova.

Turudi Riga na vipimo vyote viwili. Kuna matendo mawili pale na ni kosa kuyachanganya. La kwanza ni la wachezaji waliojitoa mapema. Hawa walikuwa wakiikataa mechi dhidi ya Israel kama taifa lililo vitani. Jezi: ndiyo, walichokataa ni jezi. Mlango: upo kwa dola, kwamba vita ikikoma sababu imekwisha. Kwa mchezaji mmoja mmoja wa Israel mlango haukuwepo, maana hakuna aliyeulizwa anasimama wapi. Huo ni udhaifu wa kila mgomo wa kitaifa, uliomgusa Walker na ungemgusa yeyote. Tendo la pili, la kunyima mikono, mlango wake ulikuwa wazi zaidi: kauli ingefutwa au ingekanushwa, shirikisho la Ireland lingebaki bila ile sababu liliyoiandikia FIBA.

Kwa vipimo hivyo, tuhuma haisimami. Naisema hivi nikijua kwamba uamuzi huu hautampendeza kila mtu, hasa anayetazama kutoka upande wa pili wa mstari.

Na upande huo una hoja zake, tusizikimbie. Mchezaji wa Israel anapoona mkono unarudishwa nyuma, haoni mkono huo peke yake. Munich 1972, wanamichezo na makocha 11 wa Israel waliuawa kwenye michezo ya Olimpiki, wakiwa na jezi hizohizo tunazosema ni nembo tu. Kabla ya hapo kuna karne za Wayahudi kutengwa Ulaya kwa kisingizio baada ya kisingizio, na kila kimoja kilidai kuwa kina sababu. Mtu aliyerithi kumbukumbu hiyo akisema “nimelinusa tena lilelile”, si haki kumcheka. Ila kunusa si kuthibitisha. Hata tafsiri ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyopitishwa mwaka 2016 na muungano wa nchi zinazohifadhi kumbukumbu ya Maangamizi, ambayo wapigania Palestina wengi huilalamikia kuwa ni pana mno, inasema kuikosoa Israel kwa namna ambayo nchi nyingine yoyote ingekosolewa hakuhesabiki kuwa chuki hiyo. Papo hapo inataja mfano mmoja unaotugusa: kuwabebesha Wayahudi wote kwa pamoja matendo ya dola ya Israel. Azimio la Jerusalem la 2021, lililoandikwa na wasomi waliotaka tafsiri nyingine, linasema kususia peke yake si chuki dhidi ya Wayahudi. Watu wanaogombana karibu kwa kila kitu wanakutana mahali pamoja: kosa linaanza pale “dola” inapogeuka kuwa “Wayahudi”.

Kiswahili kina msemo wa hatari hapa, samaki mmoja akioza wote wameoza. Kwa samaki kwenye tenga ni kweli. Kwa watu, ndiyo njia ambayo mgomo wa haki huteleza nayo ukawa ubaguzi, na kwa kawaida anayeteleza hajui kuwa ameshatoka barabarani.

Wapo pia wanaouliza: mbona Ireland hawakugomea nchi nyingine zinazoua? Undumilakuwili, wanasema, ni dalili ya chuki. Dalili, labda. Lakini binadamu hugomea lile linalomgusa. Kharlan hakuwahi kudaiwa orodha ya vita vyote duniani kabla ya kuruhusiwa kuumia na chake. Nchini Ireland, kwa sababu za historia yao wenyewe ya kutawaliwa na Waingereza, Palestina huwagusa watu kuliko migogoro mingine mingi. Kuchagua huko kunaweza kukosolewa, ila hakuonyeshi chuki ya damu mpaka kuambatane na kitu kingine.

Kipo kisa kinachonisumbua zaidi ya Riga, nacho ni cha Rio 2016. Islam El Shehaby wa Misri alipigwa kwa ipponi, alama inayomaliza pambano papo hapo, na Or Sasson wa Israel katika judo ya uzito wa juu. Sasson akasogea, mkono mbele. El Shehaby akarudi nyuma, akitikisa kichwa. Mwamuzi akamwita arudi kwenye mkeka ainame, kwa sababu katika judo kuinama ni sharti, kupeana mikono ni desturi. Akarudi, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayemkubalia jirani asiyempenda, akaondoka huku ukumbi ukizomea. Kamati ya Olimpiki ikampa karipio kali, na wakuu wa msafara wa Misri wakamrudisha nyumbani. Baadaye alieleza kwamba hana tatizo na Wayahudi wala na dini ya mtu yeyote, ila hawezi kumpa mkono mtu yeyote kutoka dola ile mbele ya dunia nzima. Jezi, amepita: alitenganisha dini na dola kwa kinywa chake. Mlango, nasita. “Mtu yeyote” ni neno pana mno. Je, lingemhusu Mwarabu wa Nazareth mwenye pasipoti ya Israel? Kama ndiyo, basi ni dola anayoikataa, japo kwa ukali wa kupofua. Kama hapana, tumeshajua jibu. Hakuulizwa, na kwa hiyo siwezi kumhukumu kwa ubaguzi. Naweza kusema alimdhalilisha mtu aliyemshinda kihalali, na hilo kwenye judo lina jina lake.

Vyombo vya michezo, utaona, hukwepa swali letu kabisa. Fethi Nourine wa Algeria alipojitoa Tokyo 2021 ili asije akakutana na Tohar Butbul wa Israel, yeye na kocha wake walifungiwa miaka 10. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuitumia Olimpiki kama jukwaa la maandamano na propaganda za kisiasa na kidini. Neno ubaguzi halikuhitajika. El Shehaby aliyepigana na kunyima mkono alipata karipio, na Nourine ambaye hakumfikia mpinzani wake kabisa alipoteza muongo mzima. Ukiangalia vizuri, kinachoadhibiwa ni kuharibu ratiba ya mashindano.

Iran nayo haifai kuwekwa kwenye kapu hili, japo huwekwa kila mara. Saeid Mollaei, bingwa wa dunia wa judo, alishinikizwa na wakuu wake mwaka 2019 apoteze ili asikutane na Sagi Muki wa Israel. Yeye alitaka kupigana. Alikimbia nchi, akachukua fedha ya Olimpiki ya Tokyo akiwa na bendera ya Mongolia, na Muki akawa rafiki yake. Mgomo wa mchezaji uko wapi hapo? Pana dola iliyoushika mkono wa mtu ili usinyooshwe.

Sasa nirudi kwa Dor Saar, kwa sababu haki haina upande mmoja. Sentensi yake ina umbo ninalolijua. Haikusema mchezaji fulani wa Ireland alitamka neno fulani siku fulani. Ilisema “wao”, ikasema “inajulikana”, ikasema “si siri”. Umbo hilo, la kundi zima kupewa tabia moja inayojulikana na wote bila mtu mmoja kutajwa, ndilo umbo ambalo chuki dhidi ya Wayahudi imelitumia tangu enzi. Simwiti Saar mbaguzi. Alikuwa mchezaji kijana aliyehojiwa wakati nchi yake iko vitani, na maneno ya kupandisha mori kabla ya mechi huwa hayapimwi kwa mizani. Lakini shirikisho lililoyachapisha lilikuwa na muda wa kuyasoma.

Ni nini kingenifanya nibadili uamuzi kuhusu Ireland? Kwa mfano, kama yeyote kati yao angesema “Wayahudi” pale alipopaswa kusema “Israel”. Kama wangempa mkono mchezaji mmoja wa Israel na kumnyima mwingine kwa jina la ukoo wake. Kama wangemtenga Myahudi wa klabu yao wenyewe, asiye na uhusiano na jezi ile. Au kama kauli ya Saar ingefutwa kwa maandishi, kisha mikono ikanyimwa vilevile bila sababu mpya. Lolote kati ya hayo, hata moja, ningelisoma tofauti. Katika yote yaliyowekwa hadharani, sikuona hata moja.

Kinachobaki kunikera ni hesabu ndogo. Orodha ya timu ya mpira wa kikapu ina wachezaji 12. Barua ya Ireland ililalamikia wachezaji na makocha bila kutofautisha, na jina lililojulikana na wote ni moja. Sijui kama wapo kati ya wale wengine waliosikia maneno ya mwenzao wakaguna, au walioyaunga mkono, au waliokuwa wakiwaza mechi tu. Wote walinyimwa mkono sawasawa. Wangeweza kumruka mmoja na kuwapa waliobaki, jambo ambalo uwanjani lingekuwa gumu zaidi, lenye kuumiza zaidi, na ambalo nadhani hata mimi nisingekuwa na ubavu wa kulifanya mbele ya kamera.